Kusomea Uchoraji na Uchongaji Chuoni: Kwa Wazazi na Vijana wa Alupe, Busia na Malaba

Binti akisema anataka kusomea uchoraji chuo kikuu, mzazi huuliza mawili: karo itatoka wapi, na kazi ataipata wapi? Maswali hayo ni halali na kijitabu hiki kitayagusa. Kwanza, hata hivyo, tuondoe dhana kwamba sanaa ni mambo ya watu wa Nairobi. Kwenye mwamba wa Kakapel, vilima vya Chelelemuk, hapa hapa Teso Kaskazini, ipo michoro iliyochorwa na watu wa vizazi mbalimbali, mmoja juu ya kazi ya mwingine. Leo mahali hapo ni kumbukumbu ya taifa. Ng'ambo, kule Nyero katika wilaya ya Kumi, Wateso wa Uganda wana miamba yao iliyochorwa.

Shule iliyo karibu

Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa katika chuo cha Makerere, Kampala, mwanzoni kwenye veranda ya nyumba yake. Miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa Gregory Maloba, kijana kutoka magharibi ya Kenya. Ni yeye aliyetengeneza sanamu ya Uhuru iliyosimama katikati ya Kampala tangu 1962: mama aliyezungushiwa kamba akimwinua mtoto juu. Baadaye alifundisha Makerere na Chuo Kikuu cha Nairobi. Shule hiyo ya sanaa bado ipo na ina jina la Trowell. Kutoka Busia, Kampala ni kama kilomita 200. Nairobi ni zaidi ya 400. Inashangaza jinsi familia nyingi za mpakani zinavyovuka kila wiki kununua bidhaa lakini haziwazi kuvuka kwa ajili ya masomo.

Kinachofanyika studio

Wanaodhani ni masomo ya kupumzikia wamekosea. Mwaka wa kwanza mwanafunzi huchora kwa penseli na makaa hadi vidole vinakuwa vyeusi: mwili wa mtu, kivuli, umbali. Kisha hujaribu rangi, udongo, mbao na uchapaji, huku akisoma historia ya sanaa, kabla ya kuchagua fani moja. Kazi hubandikwa ukutani, wenzake na mwalimu wakaikosoa mbele yake. Asiyevumilia kukosolewa hadharani atateseka, hata kama mkono wake una kipaji.

Vifaa ndivyo vinavyowashtua wazazi. Karo inajulikana mapema. Rangi za mafuta, brashi na turubai hununuliwa muhula baada ya muhula. Omba orodha ya vifaa pamoja na barua ya kujiunga. Tena si lazima kila kitu kitoke dukani. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi aliyesoma London, anasifika duniani kwa michoro aliyoichora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachotengenezwa Uganda. Mwanafunzi wa Malaba yuko karibu na gome hilo kuliko yeyote wa London.

Kazi baadaye

Tusidanganyane: wanaoishi kwa kuuza picha tu ni wachache. Wengi huchanganya. Asubuhi mtu anasanifu nembo na vifungashio, jioni anachora zake. Mwingine anabuni vitambaa, anatengeneza katuni za video au anachora mabango. Ualimu nao unafunguka, kwa kuwa shule za sekondari ya juu zina mkondo wa sanaa na michezo. Lakini anayetaka kuajiriwa kama mwalimu achunguze kwanza masharti ya TSC, tume ya kuajiri walimu, maana shahada ya sanaa peke yake haimfanyi mtu mwalimu.

Kabla ya kuomba nafasi

Kwa vyuo vya Kenya, shahada huhitaji C+ ya KCSE, na maombi mengi hupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo; Chuo Kikuu cha Kenyatta ni miongoni mwa vinavyofundisha sanaa. Kwa Uganda kuna kikwazo kimoja: wao wana kidato cha tano na sita, sisi hatuna. Uliza chuo kama KCSE yako inatosha au utahitaji kozi ya maandalizi, na jibu ulipate kwa maandishi kabla ya kulipa chochote. Uliza pia kama Mkenya hulipa karo sawa na Mganda.

Vyuo vingine huomba kuona kazi zako. Usisubiri hadi matokeo yatoke. Chora ulichonacho mbele yako: malori yaliyopanga foleni Malaba, mama muuza samaki, ng'ombe wa jirani. Andika tarehe nyuma ya kila karatasi, ipige picha mchana nje ya nyumba, na uhifadhi hata zile usizozipenda. Mwalimu hutaka kuona umetoka wapi.