Ofisi Tupu Kugeuzwa Zahanati

Katika vijiji na miji mingi yapo majengo ya ofisi yaliyofungwa. Pengine palikuwa ofisi ya chama cha ushirika, au ya kampuni iliyohama. Mlango una kufuli, na popo wamejaa darini. Siku moja mtu anakuja kwenye halmashauri ya kijiji. Anataka kupanga jengo hilo ili afungue zahanati ya binafsi. Watu wanafurahi, kwa sababu hospitali iko mbali.

Kuwa na zahanati karibu ni jambo jema. Lakini jengo lililofaa kwa kuweka karatasi halifai hivi hivi kwa kutibia wagonjwa. Wewe na watoto wako ndio mtakaotibiwa humo. Kwa hiyo una haki ya kuuliza. Somo hili litakuonyesha mambo ya kuuliza.

SHERIA INASEMAJE?

Mwaka 1977 Tanzania ilitunga sheria iliyozuia watu binafsi kufungua hospitali kwa ajili ya faida. Mwaka 1991 sheria hiyo ilibadilishwa. Watu binafsi wakaruhusiwa tena, lakini kwa kibali. Zahanati ni lazima isajiliwe. Waganga na wauguzi wake ni lazima wawe na vyeti na leseni.

Mwombe mwenye zahanati aonyeshe hati hizo mbele ya mkutano. Sasa unajua kusoma, basi zisome mwenyewe. Ukiwa na shaka, mwulize Mganga Mkuu wa wilaya.

JENGO LILILOUA WAGONJWA

Mwaka 1854 Uingereza ilikuwa vitani na Urusi. Askari wake waliougua na kujeruhiwa walipelekwa Scutari, nchini Uturuki. Huko kambi kubwa ya askari ilikuwa imegeuzwa hospitali. Kwa nje jengo lilionekana imara. Lakini chini yake mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba, na ndani hewa safi haikupita.

Mwezi Novemba mwaka huo alifika Florence Nightingale pamoja na wauguzi 38. Walifanya kazi usiku na mchana. Walisimamia usafi, nguo na chakula. Hata hivyo watu waliendelea kufa. Mwezi Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100 walikufa kama 42. Wengi hawakufa kwa majeraha. Walikufa kwa kuhara na kwa homa.

Mwezi Machi walikuja wataalamu wa afya kutoka Uingereza. Mifereji ikazibuliwa. Taka zikaondolewa. Kuta zikapakwa chokaa, na hewa ikapata njia. Ilipofika Juni, walikufa kama 2 tu kati ya kila wagonjwa 100.

Tunajifunza nini? Wauguzi hodari hawatoshi ikiwa jengo lenyewe linaleta maradhi. Rangi mpya haifukuzi vijidudu.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA

1. Maji. Ofisi huweza kukaa siku nzima bila maji. Zahanati haiwezi. Mganga hunawa mikono kabla na baada ya kumshika kila mgonjwa. Kwa hiyo kila chumba cha kutibia kiwe na mahali pa kunawia, pamoja na sabuni. Kama hakuna bomba, maji ya mvua yatasaidia. Tuseme paa lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Eneo lake ni mita za mraba 80. Mvua ya milimita 10 ikinyesha, zidisha 80 kwa 10. Paa hilo limepokea lita 800. Tangi lipo? Lina mfuniko?

2. Hewa. Vijidudu vya kifua kikuu husafiri hewani mtu anapokohoa. Chumba cha kungojea kiwe na madirisha pande mbili zinazotazamana, nayo yafunguke. Baraza lenye kivuli ni bora zaidi. Anayekohoa akae kando, asibanane na watoto wachanga.

3. Sakafu na kuta. Damu na usaha huingia katika nyufa. Sakafu iwe ya saruji laini au vigae. Kuta zipakwe rangi inayooshwa kwa maji na sabuni. Popo waondolewe, na dari litengenezwe.

4. Njia. Mgonjwa mahututi haji kwa miguu yake. Chukueni machela, mjaribu kuipitisha mlangoni na kuigeuza ukumbini. Penye ngazi pawe pia na njia ya mteremko. Kwa kila sentimeta 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimeta 12. Kimo kikiwa sentimeta 30, urefu ni sentimeta 360, yaani mita 3 na sentimeta 60.

5. Vyoo na taka. Choo kimoja cha makarani hakitoshi. Wagonjwa wawe na vyoo vyao, wanawake mbali na wanaume. Sindano zilizotumika zitiwe katika sanduku gumu, kisha zichomwe katika tanuri. Ikiwa akina mama watazalia hapo, pawe na shimo la kondo la nyuma lenye mfuniko. Mashimo yawe mbali na kisima, na watoto wasiweze kuyafikia.

MKATABA

Kama jengo ni mali ya kijiji, msikubaliane kwa maneno matupu. Andikeni kodi ni kiasi gani, kwa miaka mingapi. Andikeni nani atalipia matengenezo. Andikeni pia kwamba mpangaji akiondoka, tangi na tanuri vitabaki au ataviondoa. Bei za matibabu zibandikwe ukutani, kila mtu azisome. Mkataba usomwe kwa sauti mkutanoni. Usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kuuelewa.

MASWALI

1. Kwa nini askari wengi walikufa Scutari, ingawa wauguzi walifanya kazi kwa bidii?
2. Paa lina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 25 imenyesha. Paa limepokea lita ngapi?
3. Mlango uko juu kwa sentimeta 45. Mteremko uwe na urefu gani?
4. Jadilianeni darasani: Katika kijiji chenu kuna jengo tupu? Likaguliwe kwa mambo matano. Lipi linakosekana, na nani alitengeneze?