Moshi kwa Jirani

Ndugu zetu, baadhi ya mafakihi walihukumu kwamba tanuri la mwokaji, likimdhuru jirani kwa moshi, huzuiwa, japokuwa mwenyewe amelijenga katika kiwanja chake. Sasa na tuitazame Owino Uhuru, hapa Mombasa. Kiwanda kiliyeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu, hata kikafungwa 2014. Sumu ilikwisha kuingia katika damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliwabebesha dhamana wenye kiwanda pamoja na idara za serikali, wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufani ikaitengua amri hiyo. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Na sisi tunaouza betri zetu kwa mnunuzi wa vyuma, je, humwuliza azipelekako?