Giza Tatu za Nabii Yunus



Ndugu wanafunzi, anayetoka Kigwena au Rumonge analijua giza la ziwani. Ndagala huvuliwa usiku, kwa taa, na taa ikizimika upepo umeinuka, mvuvi haoni hata mkono wake. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia majumbani, Gatumba na Rumonge pia. Mwanafunzi aliyepata habari hizo kwa simu, mtihani uko karibu, akimbilie wapi?

Qur'ani (Al-Anbiyaa, aya 87–88) inatusimulia Nabii Yunus (A.S.) alivyomwita Mola wake gizani. Wafasiri wanataja giza tatu: la usiku, la bahari na la tumbo la samaki. Tuangalie alichosema. Hakutaja hata kutolewa. Alimpwekesha Allah, akamtakasa, akakiri kosa lake. Allah akamwitikia na kumwondolea huzuni, na aya inamalizia kwa kuahidi kuwa waumini nao huokolewa hivyo hivyo. Ahadi hiyo inatuhusu sisi.

Tunajifunza nini?

1. Sala itangulie. Hudhayfa (R.A.) amesimulia, kama alivyopokea Abu Daud, kwamba Mtume (S.A.W.) alipopatwa na jambo zito alikuwa akisali. Wengi wetu huanza na simu.

2. Ikiwa nzito, usiiache. Al-Baqara, aya 45, inakiri kwamba sala ni nzito isipokuwa kwa wanyenyekevu. Siku moyo umekauka, sali hivyo hivyo. Ukimaliza, inua mikono umweleze Mola wako kwa Kirundi au Kiswahili. Anazijua lugha zote.

3. Faraja huja kwa hatua. As-Saaffaat, aya 145–147, inaeleza kuwa Yunus alitupwa ufukweni akiwa mgonjwa, akaoteshewa mmea, kisha akatumwa kwa watu wake. Ukiwa bado dhaifu baada ya dua, usidhani hukujibiwa.

4. Usikae peke yako. Mtume (S.A.W.) alifundisha kumfunga ngamia kisha kutegemea (Tirmidhi). Mweleze mwalimu, waambie wenzako msikitini. Nasi tunaoambiwa, tuchangie hata kidogo: huenda sisi ndio kivuli alichoombea.

Ewe Mola, waondolee dhiki ndugu zetu wa mwambao, na utujaalie kukukimbilia Wewe kwanza. Amin.