Ndege Yuko, Lakini Anazaa Wapi?

Kabla hatujaingia darasani hebu nikuulize swali. Ukimwona mbayuwayu akikatiza juu ya uwanja wetu wa kandanda mwezi wa Novemba, unaweza kuandika kwamba anazaliana hapa shuleni? Mwanachama mmoja wa chama chetu aliandika hivyo, tena kwa kalamu nyekundu, na mwanachama huyo ni mimi. Mwalimu wa Bayolojia alicheka mpaka miwani ikateremka puani. Kumbe mbayuwayu wale wenye mkia wa panda hutujia kukwepa baridi ya Ulaya na Asia. Ifikapo Aprili hivi, wengi wameshafunga virago kwenda kutaga kwao. Somo la leo limetoka kwenye kosa langu hilo.

Tuanze na kujua ndege yuko wapi. Unachukua ramani ya nchi na kuipiga mistari hadi iwe na miraba kama daftari la hesabu, kisha kila mraba unaandikiwa ndege wake. Mwaka 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy walitoa kitabu cha ramani za ndege wa Kenya. Kila mraba wao ulikuwa na upande wa kilomita 55 hivi, na nchi nzima ikawa na miraba 228. Kazi ya kijungu jiko hiyo! Ila mraba wa kilomita 55 waweza kumeza mji, msitu na mashamba ya chai kwa pamoja. Ukiambiwa ndege fulani yumo, umtafute msituni ama sokoni? Ndiyo maana mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya, ulioanza mwaka 2013, unatumia miraba ya kilomita tisa hivi kila upande. Mraba mmoja wa zamani umezaa 36.

Utaratibu si mgumu. Unaingia mrabani, unatembea si chini ya saa mbili, unapita kinamasini, vichakani, shambani, hata kwenye jaa la taka. Kila aina unaiandika mara moja, kwa mpangilio ulivyowaona au kuwasikia. Ukiona kunguru mia, unaandika kunguru, basi. Usichague warembo peke yao, na usikisie. Orodha nyingi zikikusanywa, mtu anaweza kulinganisha: ndege aliyekuwa karibu katika kila orodha sasa yumo katika chache tu, hapo pana neno. Na mraba mtupu usikudanganye. Mara nyingi ndege wamejaa tele, mwenye daftari ndiye hajafika.

Sasa tuje kwenye kuzaa, maana hapa ndipo wengi tunateleza. Dume akiimba, hiyo ni dalili tu. Akibeba nyasi mdomoni, dalili imepata nguvu. Mayai, makinda, au mzazi anayepeleka chakula kiotani, huo ndio ushahidi. Kiota kitupu cha mnana hakitoshi, kwa sababu dume hujenga na jike akikikataa, kinabaki kining'inia. Tena kuna kekeo, mjanja yule, ambaye hutaga kiotani mwa mnana na kwenda zake. Kwa hiyo mlezi si lazima awe mzazi! Pia usipande mti wala kugusa mayai ili upate ushahidi. Tazama kwa mbali.

Heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, walijaa Nakuru na Bogoria watu wakiwatazama miaka nenda miaka rudi, lakini walikotagia kulikuwa fumbo. Mwaka 1954 Leslie Brown aliwakuta heroe wadogo wakizaa Ziwa Natron, Tanzania. Alipojaribu kuwaendea kwa miguu, matope ya magadi yalimbabua vibaya hata akalazwa hospitali.

Lakini kisa kinachoniuma zaidi ni cha mnana wa Clarke. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913. Duniani kote anajulikana Kilifi tu, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na misitu ya Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki. Sokoke walimwona akija kwa makundi kwenye mirihi, kisha akatoweka. Akaenda wapi kutaga? Karne nzima hakuna aliyejua. Ilikuwa mwaka 2013 ambapo viota vyake vilipatikana Dakatcha, kwenye kinamasi cha msimu, katikati ya majani ya majini. Watu walikuwa wamezoea kumtafuta juu ya miti.

Fikiria basi. Dakatcha miti hukatwa kwa makaa na ardhi husafishwa kwa mananasi. Kama kinamasi kile kingelimwa kabla ya mwaka huo, ramani ingeendelea kuonyesha "yuko Sokoke," nasi tungetulia tukidhani mambo shwari, huku ndege akikosa pa kulea. Hata sasa kinamasi chenyewe kinategemea mvua. Mvua isipokijaza vizuri, viota navyo ni shida.

Nyuma ya maabara yetu kuna mgunga wenye viota vya mnana wa kawaida, wale wa manjano wenye kelele. Safari hii sikutumia kalamu nyekundu. Nimeandika: "Viota, dume anasuka, makinda hayajaonekana." Jumamosi baada ya usafi nitarudi. Anayetaka kuja aje na daftari, na afunge mdomo.