Fidia ya Ulemavu Imekataliwa: Pa Kuanzia Kabla ya Mahakama

Mimi ni msaidizi wa kisheria Mbagala. Wengi wanaonijia wameumia kazini, viwandani Chang'ombe au kwenye maghala ya Barabara ya Nyerere. Wanakuja na barua inayosema fidia ya ulemavu imekataliwa, na swali lao ni moja: tunafungua kesi lini? Kazi yangu ya kwanza ni kuwazuia.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Asiyeridhika na uamuzi wake huomba kwanza Mkurugenzi Mkuu aupitie upya. Akishindwa hapo, anakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ni ngazi ya mwisho kati ya hizo. Ukiruka ngazi moja, shauri linaweza kutupwa kabla jaji hajasikia habari za mkono wako. Wengine hukimbilia CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa mazoea ya kesi za kuachishwa kazi. Huko siko.

Kwa hiyo soma barua. Tafuta sababu ya kukataliwa, uijibu hiyohiyo. Nimeona rufaa za kurasa nne zinazolalamikia umaskini, na hoja iliyoandikwa kwenye barua haikuguswa.

Sababu inayoumiza zaidi ni ile ya "hukuwa mwajiriwa". Mwajiri anasema huyu ni kibarua tu, hana mkataba. Hapo naegemea kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Mtu aliyemfanyia mwenzake kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu iliyopita, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hilo linahitaji ushahidi: daftari la zamu, miamala ya mshahara kwenye simu, kitambulisho cha getini, ujumbe wa msimamizi wenye tarehe, maelezo ya wenzako yaliyosainiwa. Cheti cha hospitali cha siku ileile kina uzito mkubwa. Kama ajali ilikuwa barabarani, tafuta na nakala ya PF3, ile fomu ya polisi.

Kama ubishi ni kiwango cha ulemavu, fahamu kwamba asilimia 30 ndiyo mpaka. Ukiwa hapo au chini yake, unalipwa mkupuo; ukizidi, unalipwa pensheni kila mwezi. Daktari anayekupingia makadirio lazima ataje asilimia yake na aeleze ameifikiaje. "Mgonjwa bado ana maumivu" haitoshi.

Vyote hivi peleka mapema, kwenye maombi ya kwanza kabisa. Kwenye rufaa jaji hupima zaidi yaliyokwisha kuwasilishwa, na kuingiza karatasi mpya huko ni vita nyingine. Kila barua unayopeleka, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Lugha isikutishe. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Na kama huna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakutambua. Walioko Kinondoni waende Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanasaidia bila malipo.

Ndugu yangu, muda wa kupinga unahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa, hausubiri upone. Kama mkono hauwezi kuandika, mwombe mwanao au jirani akuandikie wiki hii.