Shavu la mguu likibana njiani

Miezi mitatu nakunywa tangawizi na kitunguu saumu kusafisha damu. Mbona nikitoka Mwembelegeza kwa miguu shavu la mguu bado linabana?

Barua tano zimeuliza hili. Tofauti ni mmea tu: mwarobaini, habasoda, mchaichai. Jamani, damu yenu si chafu wala si nzito. Tazameni sufuria mnayochemshia maji ya kisima hapa Utange. Maji yetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yanaacha gamba jeupe. Pikeni chai ya tangawizi humo mwaka mzima, muone kama litabanduka. Ndani ya ukuta wa mshipa mafuta na chokaa hujijenga hivyohivyo, sigara, sukari na presha zikichochea. Ukiwa umekaa, damu inayopenya inatosha. Ukitembea, msuli unadai zaidi, haupati, unabana. Ukisimama dakika chache unaachia. Hata vidonge vya mmea wa ginkgo, vinavyosifiwa sana, vimepimwa kwa wagonjwa wa namna hii na faida ya maana haikuonekana.

Dawa ni kutembea. Tembea mpaka maumivu yakuzidi, simama, yakipoa endelea; nusu saa au zaidi, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Lakini upimwe kwanza, kwani presha na sukari zina vidonge vyake. Sigara usiipunguze. Iache.

Chupa zinazotangazwa kwa spika garini zinazibua mishipa?

Hazizibui.

Natumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Kitunguu saumu niache?

Cha mchuzini kula. Kile cha kuponda glasi nzima, na vidonge vyake, usiguse kabla ya kumuuliza daktari: ukijikata, damu itakawia kukoma.

Mama ana sukari, miguu inamfa ganzi. Namkanda kwa maji moto na karafuu.

Acha leo. Mguu wenye ganzi hausikii moto. Niliwahi kuletewa bibi aliyefungwa kanga mguuni. Nilipoifungua, ngozi ya wayo ikaja nayo, na yeye ananiuliza kama karafuu zilikuwa chache. Mwoshe kwa maji ya vuguvugu uliyoyapima wewe kwa kiwiko, umkaushe katikati ya vidole, umtazame nyayo kila jioni. Na chuku mguuni asipigwe.

Nachoma chapati nimesimama kutwa. Jioni miguu imevimba, mizito.

Dada, hiyo ni mishipa inayorudisha damu juu, si ile ya swali la kwanza. Lala, uweke miguu juu ya mito, ipande kuliko kifua. Soksi za kubana husaidia, ila upimwe kwanza mapigo ya juu ya wayo, kwani zinamdhuru mwenye mshipa ulioziba. Ukivimba mguu mmoja tu, ghafla, na unauma, usiusugue: huenda ni donge la damu. Hospitali siku hiyohiyo.

Nisingoje lini?

Mguu ukiuma hata umelala, kidole kikiingia weusi, au kidonda kikipita wiki mbili hakifungi, nenda Hospitali Kuu ya Pwani. Mguu ukipoa na kupauka ghafla, usingoje kukuche.