Tairi limepasuka, tajiri anataka kukata mshahara

Dereva wa semi anayeishi Ngarenaro, Arusha, anarudi na mzigo kutoka Dar. Amevuka Korogwe, anaitafuta Same, mara tairi la mbele kulia linapasuka na usukani unamvutia kwenye magari yanayokuja. Anang'ang'ana nao bila kukanyaga breki ghafla, hadi gari linasimama pembeni. Wilayani Same, eneo la Sabasaba, Juni 28, 2025, basi liligongana na basi dogo na makumi ya watu wakafa. Taarifa ya Ikulu ilitaja kupasuka kwa tairi la basi. Huyu wetu amepona. Anafika Arusha, tajiri mwenye gari anamwambia bei ya tairi itatoka kwenye mshahara wake.

Hawezi kukata kwa kauli tu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinataka dereva awe ameyakubali makato ya deni hilo kwa maandishi. Hata akikubali, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, awe amepewa nafasi ya kujieleza kwanza, na kiasi kisizidi hasara halisi. Makato yenyewe hayavuki robo ya mshahara. Kwa hiyo usisaini karatasi ya deni eti ili yaishe.

Mvutano huwa kwenye kosa. Tairi hupasuka kwa upepo mdogo, mzigo uliozidi, au kwa sababu ni kipara lililobandikwa ngozi upya na kupewa safari moja zaidi. Aliyekataa kununua jipya ni nani? Ila dereva aliyejua upepo unapungua akapitiliza, huyo ana la kujibu. Sheria ya Usalama Barabarani nayo humbana anayeendesha chombo kibovu na anayeruhusu kiendeshwe. Ukiona waya zinachungulia, mtumie tajiri picha na ujumbe kabla hujaondoka. Ukimpigia simu tu, kesho atasema hakusikia. Likishapasuka, lipige picha lilivyo na vipande usimwachie fundi wa barabarani.

Umeumia? Chukua fomu ya PF3 polisi, kisha dai fidia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Michango yake hulipa mwajiri. Haruhusiwi kukukata wewe. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12.

Madereva wengi wananiambia hawana mkataba, basi wananyamaza. Wanakosea. Shauri likifunguliwa na mwajiri akashindwa kuleta maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Ujumbe wa simu, miamala ya posho na nyaraka za mzigo zenye jina lako vitasaidia kuonyesha ulikuwa kazini kwake.

Pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi Arusha, na huhitaji wakili kufungua mgogoro. Kwa makato una siku 60. Ukiwa umefukuzwa, siku 30 tu. Zinahesabiwa tangu mgogoro ulipotokea au ulipofukuzwa, si tangu tajiri alipoacha kupokea simu zako.